Kombe Lililosema Karibu

Kitu cha kwanza alichokiona Shemsa, muuzaji wa duka, ni vipapasio. Kombe lilitambaa juu ya kaunta, likakata kona vizuri mbele ya kikombe cha chai, likawasha taa zake za buluu. Lakini vile vipapasio viwili vya duvi, vyembamba kama nyuzi, vilikuwa vimelala. Havikupapasa chochote.

"Hodi!" aliita Bi Mwasiti, mteja aliyelileta, akiligonga kombe kwa ukucha.

"Karibu ndani," kombe likaitikia kwa sauti laini ya kike.

Bibi akacheka hadi mabega yakatikisika. "Umesikia adabu hiyo? Wajukuu zangu hata shikamoo mpaka niwadai."

Duvi ni kaa mdogo wa pwani. Sehemu yake ya nyuma ni laini, haina gamba gumu la kumkinga, kwa hiyo hujisitiri ndani ya kombe la konokono aliyekufa, na akikua huhamia kombe kubwa zaidi. Katika Dodoma ya miaka hiyo, mji wa maghorofa yaliyogeuka polepole kulifuata jua, watu wengi hawakuwahi kuiona bahari. Ndipo kampuni moja ikawaletea kipande chake. Iliunda kombetamba, yaani kombe lililochapishwa kwa mashine, lenye rangi, taa na kisemeo kinachosikia hodi na kuijibu. Ndani yake aliwekwa duvi. Watu wakaambiwa kwamba duvi huyo ana furaha, na wakaamini, maana furaha yenyewe iliwakaribisha kila waliporudi nyumbani.

"Ila mwanangu, hali chakula," alisema Bi Mwasiti, sasa akinong'ona kama mtu aliyempeleka mtoto zahanati. "Nampa nazi, haigusi. Na ananuka kidogo. Nadhani upweke. Mimi mwenyewe naujua. Nimekuja kumtafutia mwenzake."

Kabla Shemsa hajapata la kusema, Injinia Kasanda, mkuu wa duka, alitokea karakana akitabasamu.

"Anajivua gamba, bibi. Wakijivua hawali. Shemsa, nenda kamtayarishe mwenzake."

Maneno hayo Shemsa aliyajua kwa moyo. Aliwahi kuwapa wateja wengi, macho yakiwa sakafuni. Lakini leo yalimkwama kama mwiba wa samaki. Mbona maduvi wote hujivua gamba mara tu wakishanunuliwa? Na mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza kujivua?

Akalibeba kombe la bibi hadi karakana. Akalipindua, akabonyeza swichi iliyofichwa chini. Taa zikazima. Miguu ikaanguka yote kwa pamoja, ikaning'inia. Harufu ya dagaa waliooza ikampanda puani.

"Weka chini hilo," alisema Kasanda nyuma yake.

"Amekufa."

"Anatembea."

"Amekufa, injinia."

Kasanda akafunga mlango. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Shemsa zaidi. Alieleza taratibu, kama mwalimu. Duvi hupumua kwa matamvua, na matamvua yanahitaji unyevu. Hewa ya Dodoma huyakausha. Akishakufa, kijimota ndani ya kombe huivuta miguu kwa nyaya nyembamba kuliko unywele. Mdomo wa kombe una gundi, ili akiwa hai asihame.

"Akihama, nani atalitaka kombe tupu? Tumewapunguzia watu msiba, dada. Nilikuajiri kwa sauti yako, si kwa maswali."

Akaingiza mkono kwenye beseni, akatoa duvi mzima. Kombe lake lilikuwa la kijivu, limemeguka ukingoni. Akachukua koleo.

"Nalivunja, tunamtoa, tunamtia la kwetu. Shika hapa."

Shemsa akashika. Duvi alijivuta ndani na kuziba mlango wake kwa gando. Kisha, polepole, vipapasio vikachungulia. Vikapapasa hewa. Vikamgusa kidole, vikatulia, vikamgusa tena.

Koleo likafunguka. Shemsa akaurudisha mkono wake kifuani, akageuka, akafungua mlango.

"Shemsa!"

Alitembea mpaka kwenye kaunta, akamweka duvi mbele ya Bi Mwasiti.

"Ndiye huyu?" bibi aliuliza. "Mbona mchakavu hivi? Hodi!" Akagonga. Duvi akajifungia ndani, kimya. "Hodi jamani! Lo, huyu hana adabu kabisa."

"Huyu yuko hai, bibi."

Bi Mwasiti akamtazama, kisha akatazama mlango wa karakana. "Kwani yule wangu?"

Kasanda alikuwa ameshafika, kicheko chake kimetangulia. "Msamehe, bibi, huyu binti ni mwoga wa wateja, huchanganya maneno. Shemsa, mwambie bibi vizuri."

Duka zima likawa linamngoja. Shemsa hakuwahi kumtazama mteja usoni. Sasa alimtazama bibi huyu, akaona jinsi alivyolishika kombe lile la kijivu kwa viganja viwili, kwa uangalifu.

"Yule wako alikufa," alisema, na bibi akashtuka, si kwa maneno tu bali kwa sauti yenyewe, ambayo sasa aliitambua kuwa ni ile ya kombe la sebuleni kwake. "Walinasa sauti yangu siku niliyoajiriwa, wakaitia ndani ya makombe. Kila jioni uliyopiga hodi, aliyekuitikia ni mimi. Yeye hakuwahi kukukaribisha."