Mkalimani wa Watu wa Machimbo

Mfagiaji ndiye aliyemkuta. Alifungua ukumbi wa jumuiya asubuhi ya Jumatatu, akaona viatu vikichungulia nyuma ya jukwaa, akadhani mtu kajilaza. Alipomgusa bega, lilikuwa baridi kama sakafu.

Inspekta alifika kabla jua halijapanda. Alikuwa mwanamke mwembamba, na wenzake kituoni walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa namna maswali yake yalivyochoma. Marehemu alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Meza haikupinduliwa, mlango haukuvunjwa. Palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kitupu, kingine kimejaa mpaka ukingoni.

"Alimpa kisogo mtu aliyemwamini," Sindano alisema.

Sajini wake, mzee wa kazi aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alikuwa amepiga magoti na tochi. Kwa kibanio akaokota kipande cha shaba kidogo kama ukucha wa mtoto, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Marehemu alikuwa mkalimani wa watu wa machimbo. Mababu wa watu hao waliletwa kukata mawe ya kujengea reli, na reli ilipokwisha wakaachwa palepale, wao na lugha yao. Vitambulisho vya uraia walianza kuvipata miaka kumi na mmoja tu iliyopita, na wengine mpaka leo hawakuwa navyo. Sasa uchaguzi mkuu ulibakiza siku tisa, vyama viwili vilikabana koo, na kura zao elfu tisa zikageuka lulu. Chama cha Daraja, kilichoshika madaraka, kilikuja na zahanati ya mdomoni. Chama cha Ufunguo kikaja na shule ya mdomoni. Wote walipanda jukwaani na mkalimani yuleyule, kwa kuwa wazee na kina mama wengi hawakujua lugha nyingine, na wagombea hawakujua hata kusalimia.

Sindano alijua kusalimia. Hilo lilikuwa jambo lake la siri. Alizaliwa machimboni, mama yake akamtoa huko akiwa na miaka saba, akambadilisha jina na kumkataza lugha ile hata wakiwa wawili tu jikoni. Alipoomba kazi ya polisi aliandika kwenye fomu mji asioujua kuwa ndiko alikozaliwa. Mume wake hakuambiwa. Aliyedanganya kwenye fomu ile hufukuzwa kazi na kushtakiwa, na hiyo ndiyo sababu kwa miaka kumi na minne alikuwa akipita barabara ya machimbo akitazama upande wa pili.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha pigo moja la kitu kizito chenye uso wa duara. Ndani ya jeraha mlikuwa na chembe za wino wa zambarau.

Mkuu wa upelelezi aliposoma hapo, alicheka kwa furaha. Wino wa zambarau ndio unaopakwa vidole vya wapiga kura, na wiki nzima Daraja walikuwa wakidai kwamba Ufunguo wameiba chupa za wino huo. Jioni ile ile alimweka ndani mpiga kampeni mmoja wa Ufunguo, aliyewahi kugombana na marehemu hadharani. Magazeti yakapewa picha yake akiwa na pingu.

"Ana mke mjamzito, Afande," Sindano alisema.

"Hata mimi nina mke. Nataka maelezo yake yawe yamekamilika Ijumaa."

Sindano hakubishana. Alipeleka sampuli ya wino kwa mkemia wa serikali, kisha akajifungia na mkanda wa mkutano wa mwisho wa marehemu, ule wa Daraja, uliofanyika Jumapili mchana. Akavaa vipokea sauti.

Mgombea alisema, "Ninyi ni ndugu zetu wa damu. Hapa ni kwenu."

Mkalimani akashika kipaza sauti. Kwa lugha yake, kwa sauti ileile tulivu, akawaambia watu kwamba mtu huyu anasema hapa ni kwetu, lakini asubuhi ndani ya gari amemwambia mwenzake kwamba uchaguzi ukipita machimbo atapewa mwekezaji na sisi tutahamishwa. Wale wa Ufunguo nao, wiki jana, walisema hayahaya wakidhani sisikii. Nimechoka kuwaletea uongo mdomoni mwangu. Njooni kesho adhuhuri ukumbini niwaeleze yote, halafu siku ya kura tubaki majumbani.

Uwanja ulinyamaza kimya. Mgombea, akidhani amewagusa mioyo, akaweka mkono kifuani na kuinama.

Sindano alirudisha mkanda nyuma, akasikiliza tena, kisha akavua vipokea sauti. Si kwa yale maneno tu. Tangu atolewe machimboni hakuwahi kuisikia lugha ile, na iliingia masikioni kama mtu anayerudi kwake bila kubisha hodi. Kisha akili ya kazi ikamrudia. Daraja hawakuelewa walichosemewa. Ufunguo hawakuwapo. Vyama vyote viwili vilimhitaji mkalimani akiwa hai. Aliyekuwa na sababu ya kumnyamazisha kabla ya adhuhuri ni mtu aliyeelewa kila neno.

Alimwendea mkuu na kumweleza.

"Nani amekutafsiria?"

"Nina mtu wangu, Afande."

"Mlete aandike maelezo."

"Hawezi kujitokeza."

"Basi hana maana." Mkuu akarudi kwenye simu yake.

Jumatano mkemia alijibu. Ule haukuwa wino wa uchaguzi. Ulikuwa wino wa kawaida wa mihuri ya ofisini. Mkuu alilisoma jibu, akalilaza kwenye droo, akasema kijana wa Ufunguo atakaa ndani vilevile.

Siku hiyo watu wa machimbo waliitwa kituoni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeona kitu wala kusikia kitu. Walijibu kwa heshima na macho chini, kama watu waliokwisha kujua kwamba kila jibu lina mtego. Wasio na kitambulisho walikuja na barua ya jumuiya, yenye muhuri wa duara wa rangi ya zambarau, inayothibitisha kwamba mwenye barua ni mwenzao. Sajini alizipanga mezani.

Sindano alizitazama kwa kioo cha kukuzia. Barua za Jumamosi na za nyuma yake zilikuwa na duara kamili. Za Jumanne zilikuwa na duara lililovunjika ukingoni, upande wa kulia. Alichukua kile kipande cha shaba, akakiweka juu ya pengo. Kilikaa sawasawa, kama jino kwenye ufizi.

"Muhuri ulianguka sakafuni," sajini alisema polepole. "Unatunzwa na nani?"

Kila mtu machimboni alimjua. Walimwita Mama Muhuri. Alikuwa mkunga mstaafu na katibu wa jumuiya, aliyezunguka ofisi za serikali kwa miaka thelathini akidai vitambulisho. Alikuwa dada mkubwa wa mama wa marehemu. Mdogo wake huyo alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mkalimani tangu akiwa na miezi mitano.

Waliukuta muhuri, mzito, wa shaba, kwenye kabati lake, umeoshwa kwa dawa ya kufulia. Lakini kwenye kiungo cha mpini damu ilikuwa imebaki. Mama Muhuri alifunga kanga yake vizuri, akawafuata.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha moja, juu sana. Mkuu mwenyewe alikuja, akaegemea ukuta. Sajini alikaa na karatasi.

"Jumapili jioni ulikuwa wapi, mama?" Sindano aliuliza.

"Nyumbani."

"Na muhuri?"

"Nilikuwa nao."

"Umevunjika lini?"

Yule bibi alimtazama Sindano muda mrefu, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, kama mkunga anayekagua mtoto. Kisha akasema, kwa lugha ya machimbo, kwamba amefanana sana na mama yake, hasa kwenye mdomo.

Sindano aliinamia faili.

"Anasema nini?" mkuu aliuliza.

Mama Muhuri akageukia mkuu na kusema kwa Kiswahili kizuri kwamba yuko tayari kukiri. Ila atakiri kwa lugha yake, kwa sababu neno la kifo halisemwi kwa lugha ya kuazima.

Sheria ilimpa haki hiyo, na ilitaka awepo mkalimani. Mkalimani pekee aliyetambuliwa na mahakama alikuwa kwenye jokofu la hospitali. Mkuu alitabasamu. Bila mkalimani hakuna maelezo, na bila maelezo mtu wake ni yule wa Ufunguo.

"Arudishwe nyumbani mpaka uchaguzi upite," alisema.

Sindano alimfikiria yule aliyeko mahabusu, na mke wake aliyekuwa akishinda nje ya lango la kituo na chupa ya uji. Akafikiria fomu yake, nyumba yake, mume wake. Alitafuta mlango wa tatu. Haukuwapo.

"Nitatafsiri mimi, Afande."

Sajini aliinua kalamu bila kumtazama, kama mtu aliyejua siku nyingi. Mkuu alijitoa ukutani.

"Wewe umeijulia wapi?"

"Nimezaliwa nayo."

Mkuu akasema atafsiri, na akimaliza aache kitambulisho chake cha kazi mezani.

Mama Muhuri alianza. Sindano akamfuata, sentensi kwa sentensi, mwanzoni akijikwaa, kisha maneno yakaja.

"Nilimwendea ukumbini nimsihi. Nilimwambia, mwanangu, watu mia nne bado hawana vitambulisho, na Daraja wamesema mafaili yao yatasainiwa kura zikitoka. Akasema wanadanganya. Nikamwambia najua. Walinidanganya hata kabla hujazaliwa. Lakini kila wakidanganya hutupa kitu kidogo ili tuwaamini tena, na kwa vidogo hivyo tumefika hapa tulipo. Kura ndicho kitu pekee walichowahi kukitaka kutoka kwetu. Siku tukibaki majumbani, hawatakuja hata kutudanganya."

Mama Muhuri alisogeza kiti chake, akaendelea. Sindano naye akaendelea.

"Akasema ni bora kuhamishwa ukiwa na heshima. Akanipa mgongo, akaanza kupanga viti vya mkutano wake. Nilikuwa na muhuri mkobani, natoka kugonga barua. Sikukusudia. Lakini nilipoinua mkono, nilijua nauinua."

"Muulize kama anajuta," mkuu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa chini.

Sindano aliuliza. Mama Muhuri alitazama mikono yake, mikono iliyopokea nusu ya watu wa machimbo.

"Niandikieni na hili," Sindano alitafsiri. "Lugha yenu nilimfundisha mimi. Kila siku baada ya kazi, tangu akiwa na miaka minne, ili siku moja tuwe na mtu wetu wa kutusemea."

Sajini aliandika mpaka nukta ya mwisho. Kisha akamsogezea Sindano karatasi, mahali pa sahihi ya mkalimani.