Pindo la Pazia la Kijani

"Siyo hapo! Kushoto kidogo!"

Sauti ilitoka ngazini. Wabebaji wawili wakasimama katikati ya sebule na kochi letu mikononi, wakatazamana. Ilikuwa ya mume wangu, bado anapanda, kabeba boksi lililomfunika uso mzima. Hakuliona kochi wala wao.

"Rudisheni nyuma. Tena. Haya, tueni."

Wakatua. Miguu yote minne ya kochi ikazama kwenye vishimo vilivyokuwa tayari vimejichimba kwenye mpira wa sakafuni.

Mbebaji mmoja akacheka. "Bosi, nyumba hii imelijua kochi kabla yetu!"

Na mimi nikacheka. Watu humwita mume wangu Baridi, kwa sababu anatengeneza mafriji na kwa sababu hapandishi sauti hata akikanyagwa. Siku ile alikuwa anapiga kelele kama mwamuzi wa mpira.

Kuhama huku alikupanga mwenyewe. Alimtafuta dalali, akachora kila chumba, akaandika juu ya kila boksi litaingia lini na litakaa wapi. Mimi nashona mapazia, na wateja wamenibandika jina hilohilo, Pazia. Wiki zile nilikuwa nimebanwa na kazi ya hoteli, nikamwachia. Rafiki zangu walinionea wivu: mwanaume anafunga vikombe kwenye magazeti bila kuambiwa! Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na mimi hii sikuwa nimeiona hata mlango.

"Baridi, swichi ya koridoni iko wapi?"

"Nyuma ya mlango wa choo," akajibu kutoka jikoni. "Iko chini, usiitafute juu."

Nikainama. Ilikuwepo, usawa wa goti, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake angeweka swichi.

"Umejuaje?"

"Dalali alinionyesha."

Wabebaji wakashuka kupumzika kwenye lori. Nikapanda stuli nitundike mapazia.

Mapazia yale ya kijani nilimkuta nayo. Kule tulikotoka yalikuwa yanafagia sakafu, na kila nikishika mkasi ananizuia. "Yakunje tu, mke wangu. Usiyakate." Basi nikayakunja shibiri nzima na kuyashikiza kwa mshono wa juujuu. Yalikuwa pia yamefubaa vibaya, yana alama za giza zenye umbo la vishada vya maua. Nilizilaumu rangi za bei rahisi.

Nilipoyatundika yakawa mafupi. Nikafumua mshono wangu. Kitambaa kikashuka taratibu, kikafika sakafuni na kuigusa tu.

Nimewashonea watu wanaohama tangu nikiwa msichana. Madirisha ni kama watoto wa tumbo moja, wanafanana lakini hakuna anayevaa kiatu cha mwenzake. Sijawahi kuona pazia likatoka nyumba moja likakaa nyingine bila mkasi.

Kisha jua la jioni likaingia. Dirisha lile lilikuwa na nondo zilizopindwa maumbo ya vishada, na kivuli chake kikatua juu ya pazia. Kila kishada cha kivuli kikakaa juu ya kishada cha giza, hakuna hata kimoja kilichokosea. Kitambaa kile kilikuwa kimefubazwa na jua la dirisha hilihili.

Nilishuka kwenye stuli nikiwa nimeishikilia fimbo ya pazia kama mgonjwa.

"Hodi! Hodi humu!"

Mama mmoja mtu mzima akaingia mbiombio, mikono bado ina povu la sabuni.

"Nimesikia vitu vinasogezwa juu yangu, nikasema leo karudi! Nikaacha vyombo..." Akaniona. Tabasamu likamkauka. "Samahani, mwanangu. Nilidhani ni mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mama?"

"Mke wa Baridi."

"Mke wa Baridi ni mimi."

Akanitazama, akayatazama mapazia, akanitazama tena.

"Basi hongera, mwanangu," akasema polepole. Akatoka kinyumenyume, kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa kwa makosa.

Nilijua kuwa mume wangu alikuwa na mke kabla yangu. Nilijua ni marehemu. Nikachukua simu, nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshahamia? Mbona sauti hivyo?"

"Mama, nina swali moja. Yule marehemu mlimzika wapi?"

Nikasikia redio yake ikizimwa.

"Nani kakuambia tulimzika?"

Nikakata simu. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule na boksi la sahani. Alikuwa amesikia.

"Uliniambia amekufa!"

"Nilikwambia sinaye tena. Ukasema pole." Akaweka boksi chini. "Nikaipokea pole yako."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Baridi, usinifanye mjinga!"

"Wallahi sijui! Alikuwa amekaa hapo ulipo, anashona mapazia hayo. Uzi ukamwishia. Akasema, 'Nashuka mara moja nikachukue uzi.' Kavaa ndala. Hakubeba hata mkoba. Nilikuwa nimelala kwenye kochi, nikamjibu 'haya' bila kufumbua macho."

Nikaliinua pazia la pili. Pindo la zamani, lililofichwa na kunjo langu, lilikwenda vizuri mpaka katikati, kisha likaishia kwenye pini zenye kutu. Siku zote nilijua lipo hivyo. Nilidhani ni uvivu wa fundi.

"Nimemtafuta polisi, hospitali, mochwari, kwa ndugu zake wote," akasema. "Mwisho nyumba ikanishinda, nikahama. Nikakupata wewe. Halafu dalali akaniambia pamebaki wazi. Akirudi atakuja hapa, Pazia. Hajui mlango mwingine."

"Na mimi?"

"Nilitaka tu vitu vikae alivyoviacha, asije akadhani..."

"Nimekuuliza, na mimi?"

Nampenda mwanaume huyu, niseme ukweli, nampenda mpaka nakasirika. Lakini nilikuwa nimebebewa vyombo vyangu mpaka kwenye nyumba ya kumsubiri mwanamke mwingine, na mwenye kupanga alisahau kunichorea mahali pa kukaa.

Nikafungua boksi langu la kazi, nikatoa uzi wa kijani.

"Unafanya nini?"

"Namalizia pindo lake. Nikimaliza, nashuka. Lori bado liko chini. Wewe amua kochi linashuka na mimi au linabaki kumsubiri yeye."

Nikakaa sakafuni. Nikang'oa pini ya kwanza, nikaanza pale alipoishia. Mkono wake ulikuwa mzuri, mishono midogo, iliyonyooka. Nikajikuta naufuata. Mume wangu alisimama tu, akiutazama uzi unapita kwenye kitambaa.

Ndipo tukasikia ndala ngazini. Pa, pa, pa, bila haraka. Zikapanda, zikapita mlango wa yule mama, zikaja mpaka mlangoni kwetu. Zikasimama.

Nikamtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Hajawahi kunifungulia mimi uso ule, hata siku ya harusi yetu. Iliniuma kuliko uongo wake.

Akakimbia, akafungua.

Hapakuwa na mtu. Ngazi zilikuwa tupu juu na chini, na wabebaji tuliwasikia wakicheka kule kwenye lori.

Akafunga mlango taratibu.

"Ni hivi kila mara?" nikamuuliza.

"Kila mara. Ndiyo maana nilihama, na ndiyo maana nimerudi."

"Siku moja watoto tutakaowazaa watapanda ngazi hizi wakitoka shule, Baridi. Utakimbia ufungue mlango, halafu utawaona ni wao tu."

Hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti. Nikakata uzi kwa meno. Pindo lilikuwa limekwisha. Nikayateremsha mapazia, nikayakunja vizuri, nikasimama.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akaenda mpaka kwenye kochi, akainama.

"Shika upande ule," akasema.

Tukalinyanyua wenyewe. Mpira wa sakafuni ukabaki na vishimo vyake vinne.

Mapazia niliyaacha kwa yule mama wa chini. "Akirudi mpe," nikamwambia. "Mwambie pindo limemaliziwa."

Vyombo vyetu vililala kwenye duka langu la kushonea mpaka nilipopata nyumba nyingine. Safari hii nilikwenda kuiona mwenyewe, nikaikagua mpaka mabomba. Dirisha la jikoni lilikuwa la ajabu, refu na jembamba, halikufanana na lolote nililowahi kupima. Nikalipenda papo hapo.

Siku ya kuhamia nilikuwa nimesimama mbele yake na tepu ya kupimia mkononi, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa yule mama:

"Mwanangu, mapazia yamechukuliwa. Amekuja mwenyewe. Nimemwambia nina namba zenu, akasema msisumbuliwe, amefuata mapazia tu. Alikuwa na uzi wa kijani mkononi. Alipotoka nimefunga mlango, nikatega sikio. Sijasikia ndala zikishuka."

Nilisoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Ningeweza kuufuta. Mtu alishanificha jambo, na nilijua linavyouma, basi nikampa simu Baridi, aliyekuwa nyuma yangu akiunganisha friji.

Alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Nikamwangalia miguu, nikisubiri ielekee mlangoni.

Akailaza simu juu ya friji, akachukua ncha ya tepu kutoka mkononi mwangu, akaibana juu ya dirisha.

"Hapa tunaweka rangi gani?" akauliza.

"Unataka gani?"

"Yoyote, mke wangu. Isiwe kijani tu."

Nikavuta tepu mpaka chini, nikachukua mkasi.