Kilian na Nyama Tupu

Winifrida alipokea bakuli lake la maharage, akalichungulia. Lilikuwa limejaa vilevile kama lilivyotoka jikoni.

"Tena?" alisema. "Jamani, tena!"

Katika kijiji chao cha ujamaa, karibu na Mbuji, wanaume wa ukoo walikula pamoja uwanjani kwa mzee wao. Kwa Kimatengo mahali hapo huitwa sengu. Kila mke alipeleka chakula chake, na wote walikula kutoka bakuli hili na lile. Lakini kwa wiki nyingi hakuna aliyegusa bakuli la Winifrida. Walisema, "Kama mume mwenyewe haligusi, sisi tutaligusaje?"

Na mume mwenyewe ni huyo Kilian.

Kilian alikuwa mwindaji wa kijiji. Viongozi walimpa gobore awapige nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi ya shamba la pamoja. Kwa desturi, mwindaji alipewa maini, figo, moyo na paja moja. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuja na Xaveri, jirani yao aliyerudi kutoka Tanga alikokuwa akikata mkonge. Xaveri alisema amewaona Wamasai kwa macho yake. Eti hawali ugali, hawali majani, wanakula nyama tu, na hawajui kuumwa.

Kilian akasikia, akashika hilohilo.

"Mama Ida," alimwambia mkewe, "kuanzia leo mimi ni nyama tu. Ugali unamlegeza mtu. Majani ni ya mbuzi."

"Na pombe ya mahindi je? Nayo utaiacha?"

"Pombe si chakula. Pombe ni kinywaji."

Winifrida alishika kiuno. Kisha akarudi jikoni.

Tuseme ukweli, mwanzoni Kilian alijisikia vizuri. Tumbo lilipungua. Alipanda milima bila kuhema, akajisifu kila njia mpaka watu wakachoka. Wiki ya tatu, choo kikawa kigumu. Alikaa chooni muda mrefu hata majirani wakauliza kama amehamia huko. Mdomo ukaanza kunuka. Mkewe akamletea majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga. Akayasukuma pembeni.

"Baba Ida, kula hata kidogo!"

"Simba hali maboga."

"Simba halali na mimi kitanda kimoja akaninukia!"

Ukafika mwezi Machi, wakati wa kutengeneza ngolo, mashimo ya Wamatengo ya kuzuia mvua isichukue udongo wa mlimani. Mume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba mlimani. Mke huzifukia kwa udongo anaouchimba katikati, pakabaki shimo, na kupanda maharage kandokando. Nyasi zisipofyekwa, jembe la mke halina kazi. Wenzake Winifrida walikuwa wameshaanza kufukia. Yeye alikuwa bado anamngoja Kilian afyeke.

Asubuhi moja Kilian aliamka akipiga kelele. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, cha moto. Hata shuka likikigusa, alilia.

"Nimekanyaga kitu," alisema. "Kuna mtu amenitegea dawa."

Walimbeba mpaka sengu, wazee wakakaa kusikiliza shauri. Ndipo Pankras, mdogo wake Kilian, akamgeukia Winifrida mbele ya watu wote.

"Shemeji, tuambie. Kaka aliacha chakula chako, nasi tukaogopa. Sasa mguu umevimba. Maharage yako yana nini?"

Winifrida aliinuka. Miaka kumi na miwili amewapikia watu hawa. Leo anaitwa mchawi kwa maneno ya kupindapinda. Alimtazama mumewe amtetee. Kilian, bingwa wa kujisifu, alikitazama kidole chake, kimya.

Ukimya ule ulimuuma Winifrida kuliko maneno ya Pankras.

"Yana chumvi na kitunguu!" alifoka. "Nimechoka! Tengenezeni machela. Tunakwenda zahanati sasa hivi. Na wewe Pankras utabeba mbele, usikie mwenyewe."

Zahanati walimkuta Nesi Vitalia. Alikitazama kidole, akapima joto la mwili, akauliza kama kuna jeraha. Halikuwapo.

"Unakula nini, baba?"

"Nyama."

"Na nini tena?"

"Maini."

"Na nini tena?"

"Figo. Na moyo."

"Na pombe, nesi," Winifrida alisema. "Lakini hiyo si chakula, kwa maelezo yake."

Nesi alishusha pumzi. "Ugonjwa huu unaitwa jongo. Nyama ikizidi, hasa maini, figo na moyo, huongeza taka fulani katika damu. Mwili huzitoa kwa mkojo. Ukiongeza pombe, na maji unakunywa kidogo, taka zinabaki. Zinakaa kwenye viungo kama mchanga mkali. Mara nyingi huanzia hapo kwenye kidole gumba."

"Kwa hiyo si uchawi?" Pankras aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uchawi gani? Ni maini."

"Lakini Wamasai…" Kilian alianza.

"Wamasai wana maziwa. Wana supu za mizizi na magome ya miti. Siku nyingine wanakula uji na ugali kama wewe. Huyo aliyekuambia alikaa nao muda gani?"

"Aliwaona sokoni," alisema Winifrida.

Nesi alimpa dawa ya maumivu, akamweleza taratibu. Aache pombe. Aache maini, figo na moyo. Nyama nyingine ale kipande kidogo, si kila siku. Anywe maji mengi yaliyochemshwa. Ale ugali, majani ya kijani na matunda, choo kitalainika. "Na maharage ya mkeo ule, kwa kiasi. Na siku nyingine kiungo kikivimba, njooni mapema. Msianze kutafuta mchawi."

Njiani kurudi, Pankras alibeba tena mbele.

Siku ya kumi Kilian alikwenda sengu kwa miguu yake, na fimbo mkononi. Winifrida aliweka bakuli chini. Kilian akalivuta mbele ya wote.

"Siku ile mke wangu alisingiziwa, nami nikanyamaza," alisema. "Nilijua nimekula nini. Niliona haya. Mama Ida, nisamehe."

Akala, kisha akamsukumia Pankras bakuli. Pankras akala ameinamisha kichwa.

Wiki ile ndugu wote walifyeka nyasi za Winifrida, Pankras wa kwanza kufika. Maharage yakapandwa. Nguruwe mwingine alipopigwa, Kilian aliyakatakata maini yote, akawagawia watoto wa sengu.

Sasa ana kero mpya. Anawasimamisha watu njiani na kuwauliza kama wamekunywa maji, na kama wamepata choo leo. "Kilian, waache watu wapite!" mkewe humfokea.

Na jana, bakuli liliporudi, Winifrida alilichungulia. Lilikuwa jeupe, limefutwa kwa tonge la mwisho.

"Jamani!" alisema. "Hata punje moja hamkunibakizia?"

Akabandika sufuria nyingine.