Maji Aliyooshewa Maka

Ilhan alitoka mbio kutafuta kafuri jua likizama mtaani Iftin. Mama mkwe wake, Maka, alikuwa ndiyo kwanza amekata roho. Yule ajuza hakuwahi kuomba chai kwa mdomo, anagonga ulimi tu, *tk, tk*, na binti yake Ugbad anamwitikia mama yake kwa Kisomali kutoka jikoni, "Haye, hooyo, naleta." Sasa basi. Ilhan mwenyewe ndiye aliyemfumba macho, akachana mtandio wake wa kijani akamfunga taya, akachimba nyuma ya nyumba shimo la kumwagia maji ya kumwoshea maiti.

Mwanawe Mustafe, wa kunyonya bado, alimwachia huyo huyo wifi yake Ugbad. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

"Kimbia, abaayo, dada yangu," Ugbad akamhimiza. "Kafuri hatuna hata chembe."

Aliporudi, Maka alishavikwa sanda.

"Mmemaliza? Na kafuri?"

"Nilikuwa nayo," Ugbad akasema, macho chini.

Alikuwa nayo... halafu akamtuma?

Ilhan akazunguka nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwa kavu. Vumbi tupu.

Maji yako wapi?

Harufu ya kafuri ikamjia puani. Haikutoka kwa maiti. Ilitoka chumbani kwake.

Mustafe amelala chali, nywele zinachuruzika maji. Taya limefungwa.

Kitambaa kile kile cha kijani.

"Ugbad... umemfanya nini mwanangu?"

Ugbad alisimama mlangoni, mkono juu ya mimba yake. Watoto wake wote waliotangulia walizikwa kabla ya arobaini.

"Ni mama aliyekuwa akiwachukua," akanong'ona. "Niliambiwa hata akifa atamfuata huyu wa tumboni, asipopewa mwingine aliyeogeshwa maji yake."

"Ukampa wangu? Wallahi, wangu?"

"Wewe unazaa na wanakaa, abaayo. Utapata mwingine."

Akageuka, akaenda zake jikoni.

Ilhan akakifungua kitambaa huku anasoma kila aya aliyoijua, anazichanganya, anaanza upya. Anapumua. Alhamdulillahi, mtoto anapumua! Nje wanaume walishainua jeneza, sauti zao zikafifia kuelekea makaburini, mpaka nyumba ikanyamaza kabisa.

Mustafe akafumbua macho. Hakulia. Akamtazama mama yake kama mtu anayemkagua mgeni.

*Tk.*

*Tk.*

Jikoni, sufuria ikagongana na jiko.

"Haye, hooyo," Ugbad akaitikia. "Naleta."