Siku Melchior Alipojifungia

"Dada, hii picha ni yako ama ya mdogo wako mrembo?"

Bénédicte alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, katika duka la fotokopi la Ruti, Mbarara, akisukumwa na wanafunzi wa chuo. Kitenge chake cha manjano kilijaa vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Alimtazama kijana wa mashine: shati jeupe, mikono imekunjwa hadi viwikoni, meno yote nje.

"Ni ya docta," alisema. "Toa kopi, acha mudomo mingi."

"Docta wa kweli?"

"Soma. Ama kusoma unalipisha?"

Kijana, Mrundi aliyeitwa Melchior, aliisoma diploma yote, kuanzia jina la chuo cha Bukavu hadi kwenye muhuri, kisha akaishika kwa ncha za vidole. Bénédicte alirudi kambini akijikasirikia kwa kutabasamu peke yake njia nzima.

Hasira hakuikosa. Alisoma udaktari miaka saba, vita vikamleta Uganda, na sasa alikuwa mkalimani wa kituo cha afya. "Anasema tumbo linamukata tangu jana." Hayo tu ndiyo aliyoruhusiwa kusema, kutwa nzima, wakati mikono yake ilijua la kufanya. Akaapa kwenda Amerika kusomea udaktari bingwa.

Kwa miaka miwili Melchior alimwachia kompyuta ya dukani kila Jumamosi. Kila asubuhi alimpigia simu.

"Mpenzi, umekula chakula ama umekula vitabu?"

"Nimekula vitabu. Na weye nitakukula kama hautaniacha nisome."

Alifaulu mitihani yote ya Amerika. Akaomba nafasi katika hospitali themanini za huko. Moja tu ikamwita. Wangemhoji kwa video, Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

"Njoo dukani," Melchior alisema. "Nitafukuza wateja wote."

Alhamisi alifika nusu saa mapema, amevaa koti jeusi la kuazima, nywele zimesukwa upya. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Akapiga simu. Simu ikalia ndani.

Kampire, muuza parachichi wa jirani, aliinama akipanga matunda yaliyokwisha kupangwa. "Docta, yuko ndani. Nilimwona akijifungia."

Bénédicte aligonga kwa ngumi. Aligonga kwa kiatu. Akajaribu kuhojiwa kwa simu yake ndogo. Picha ikaganda, sauti ikakatika, na saa kumi na moja ikapita huku watu wa Ruti wakitazama.

Melchior alifungua saa kumi na mbili kasorobo, macho mekundu.

"Niliogopa," alisema. "Marcienne, yule niliyempenda kabla yako, aliniambia atanitumia karatasi za safari kutoka Kanada. Mwaka wa pili akabadilisha namba. Nilisema nitafungua, kila dakika nilisema nitafungua..."

"Mimi ni Marcienne?"

"Hapana, mpenzi."

"Usiniite hivyo! Batu banatufungia kila fasi. Mupaka, kazi, hospitali. Banatufungia, tunazoea. Na weye? Weye mwenye ulisoma diploma yangu yote?" Kofi lilimtoka kabla hajalifikiri. "Mimi niligonga, Melchior. Ulinisikia nikigonga."

Alikuwa amesikia.

Bénédicte aliifuta namba yake. Aliiandikia hospitali mara mbili bila kujibiwa. Siku ya tisa jibu likaja: *Bwana Melchior ametueleza kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango na kwamba wewe huna kosa. Tutakuhoji Jumanne.*

Alilisoma akiwa amesimama, hasira ikamrudia upya. Kwamba alihitaji barua ya mwanamume aliyemkosesha ndipo aaminiwe! Jumanne alikodi chumba chenye intaneti katikati ya Mbarara, mbali na Ruti, akafunga mlango mwenyewe, akajibu maswali yote bila kutafuta maneno.

Mwezi wa tatu, Ijumaa, alichaguliwa. Alilia, akacheka, kisha akagundua kwamba vidole vyake vinaibonyeza ile namba. Kumbe kuifuta kwenye simu hakukuifuta kichwani.

"Nimepata," alisema.

"Docta wangu," Melchior alisema, sauti imepasuka. "Nenda. Hata usiponisamehe, nenda."

"Sijakusamehe. Kila nikikumbuka, mukono unaniwasha."

"Ni haki yako."

"Na bado ninakupenda, na hiyo inanikasirisha kuliko yote." Alivuta pumzi. "Ninaondoka mwezi wa sita. Kama unataka kunioa, kuja uone Mama. Lakini mwambie kwanza chenye ulifanya. Chote. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Jumapili baada ya misa Melchior alifika Nakivale amevaa suti ya kijivu iliyompwaya. Mama Bénédicte alimpa kiti. Bénédicte alibaki wima kando ya mlango, mikono kifuani, uso haujalegea.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Unaleta habari gani?"

Melchior alimtazama Bénédicte. Bénédicte akaangalia pembeni.

"Mama," alianza, "nilimkosea sana mtoto wako."