Uzito wa Boti ya Fundi Kalinga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Happy Kalinga alipanda kwenye boti kuokota mayai. Boti hiyo ya faiba ilikaa juu ya tela uani kwao, Kihesa, mjini Iringa, na kuku watatu walikuwa wameamua kwamba hakuna mahali pengine panapofaa kutagia.

Baba yake, Ambrosi, alikuwa fundi seremala siku za kazi na mvuvi katika Bwawa la Mtera mwishoni mwa wiki. Zamani boti ililala kulekule bwawani, mpaka injini ilipoibwa. Tangu hapo ilirudishwa nyumbani kila Jumapili, ikivutwa na pikapu ya kukodi ya Mzee Sedekia. Sasa, baada ya kuweka akiba miaka mitatu, wazazi walitaka gari moja la kufanya kazi mbili: kubeba familia ya watu sita na kuvuta boti.

"Barabara ya Mtera inapita Nyang'oro," baba alisema. "Ule mteremko ni mrefu na una kona kali. Gari likiwa jepesi, boti ndiyo italisukuma gari. Lazima tujue uzito." Akamkabidhi Happy daftari. "Mimi Ijumaa nitakuwa Ilula napaua nyumba. Mpitie Mzee Sedekia, avute boti mpaka kwenye mizani ya malori pale ghala la mahindi. Pakieni kila kitu tunachosafiri nacho, kisha uandike."

Ijumaa ile shuleni kulikuwa na fainali ya netiboli. Happy alicheza, timu yake ikashinda, na aliporudi ghala lilikuwa limefungwa. Kwenye ubavu wa boti palikuwa na kibao cha kiwandani: kilo 310. Kwenye tela: kilo 190. Kwenye injini: kilo 48. Alijumlisha bila kukosea, akapata 548. Pembeni akaandika neno moja: *Imepimwa*.

Jumamosi familia ilikwenda kwa Mzee Gulam, muuza magari ya mitumba karibu na soko. Mzee Gulam alizaliwa Iringa, na salamu ya Kihehe ilimtoka kabla ya salamu nyingine yoyote.

"Kamwene, Fundi!"

"Kamwene, Mzee Gulam. Tumekuja kwa lile la viti saba."

Yalikuwapo mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, lenye paa la kioo na skrini kubwa. La pili lilikuwa la kijani kibichi, limelizidi lile jeupe umri kwa miaka minne, na viti vyake vilikuwa vimefifia.

"Hili la kijani linanuka babu," Gerson, mdogo wake Happy, alinong'ona.

Happy alikuwa ameshakaa ndani ya lile jeupe.

Mzee Gulam alifungua kitabu cha gari jeupe. "Injini ni ndogo, lakini mjini linatosha. Tela lisilo na breki zake, mwisho kilo mia saba na hamsini. Boti yako ina uzito gani?"

"Mia tano arobaini na nane," alisema baba. "Happy amepima. Huyu hakosei hesabu."

"Basi litatosha." Mzee Gulam akavuta karatasi za mauziano, akafungua kalamu.

Mama alifurahi. "Na tukirudi, vitunguu vyangu vitapanda ndani ya boti kama kawaida. Lumbesa mbili tu. Siwezi kurudi na boti tupu kutoka Izazi, watu watanicheka."

Happy aliitazama kalamu. Gunia la lumbesa lilijazwa kupita mdomo wake, na aliwahi kuona moja likifika kilo 130. Mawili yalikuwa 260. Yakijumlishwa na 548 yalikuwa 808, tena bila nyavu, mafuta wala kasha la barafu. Katika hesabu ile hakukuwa na nafasi ya kubishana. Mbele ya tela lile, ndani ya gari lile, wangekaa watu sita.

"Baba," alisema, "sikupima."

Baba aligeuka.

"Nilikwenda kwenye netiboli. Nilinakili namba za vibao."

"Lakini umeandika 'imepimwa', dada!" alisema Gerson.

"Gerson, funga mdomo," alisema mama.

Mzee Gulam alirudisha kifuniko cha kalamu. "Fundi, hakuna kilichoharibika. Kesho sifungui, Jumatatu nipo."

Walipofika nyumbani baba alisema jambo moja tu: "Jumatatu utakwenda mwenyewe kwa Mzee Sedekia, na utasimama mwenyewe kwenye mizani."

Jumatatu, baada ya masomo, Happy aliwatoa kuku, akapakia nyavu, madumu ya mafuta na kasha lenye barafu. Mama alileta magunia mawili ya mahindi yenye uzito wa lumbesa zake. Ghalani, Mzee Sedekia alilifungua tela kutoka kwenye pikapu ili lipimwe peke yake. Mtumishi wa mizani alisoma: kilo 1,100.

"Mara mbili ya namba yangu!" alisema Happy. "Kwa nini?"

"Kibao kinasema boti ilivyotoka kiwandani," alijibu baba, aliyekuja kushuhudia. "Nimeiziba faiba mara tatu, na tela nimeliongezea vyuma. Kibao hakijui hayo."

Gari jeupe liliachwa. Lile la kijani lilikuwa na injini ya dizeli yenye nguvu na gia nzito za milimani. Kitabu chake kiliruhusu kilo 2,000, ila kwa tela lenye breki zake. Bei yake ilikuwa nafuu, kwa hiyo walilinunua, na kwa fedha iliyobaki tela likafungwa breki. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu, na wiki hizo hawakuvua.

Jumamosi ya nne walifika juu ya Nyang'oro. Baba aliingiza gia nzito, gari likateremka polepole, tela likifuata kwa utulivu mpaka kona ya mwisho. Chini aliegesha kando, akashuka, akagusa magurudumu ya tela. Yalikuwa na joto la kawaida.

"Happy," alisema, "namba iliyopimwa na namba ya kubuni huandikwa kwa kalamu ileile. Kwenye daftari zinafanana. Mlima ndio unaozitofautisha, na mlima hausamehe. Ulisema kweli kabla hatujafika mlimani. Wakati wake ndio ule."

Jumapili, wakirudi, mama alisimama Izazi penye vitunguu. Muuzaji alikwishaanza kushona wavu wa kamba juu ya gunia lililofurika.

"Mwanangu," mama aliita, "tunaruhusiwa ngapi?"

Happy alifungua daftari. "Mawili, mama. Lakini kwanza yapande kwenye mizani."