Swaumu na Mwalimu wa Ramani

Gari la moshi lilikuwa limeingia, na soko la Dodoma lilifurika watu na vumbi jekundu. Swaumu, binti wa Kondoa aliyekuja na shangazi yake kuuza samli, alipita kwa maringo, kaniki mpya kiunoni, kibuyu kichwani. Ghafla akajikwaa kwenye kamba. Kibuyu chini, samli mchangani.

"Nani huyu anatutega kama kanga?" akafoka.

Kijana wa kanzu nyeupe akaja mbio. "Nisamehe, dada. Tunapima mahali pa kupanda miti ya kivuli."

"Miti bado, kaburi langu ndilo tayari!"

Wanafunzi wake wakaangua kicheko. Kijana huyo, Mbwana, alikuwa msaidizi wa Mdachi aliyefundisha kuchora majengo na kupanga bustani. Tangu siku ile hakukosa gulioni, kila mara akinunua samli.

"Huyu mwalimu anakula samli au anaioga?" shangazi akauliza. Swaumu akainama kuficha tabasamu. Moyo ulikwisha kwenda.

Kisha jirani yao Mishi akaleta habari. "Mdachi anahamia Tabora, na Mbwana wako anamfuata. Kwani hakukwambia?"

Mbwana alipokuja, Swaumu akampa mgongo.

"Samli imekwisha."

"Na hiyo kibuyuni, mpenzi?"

"Ya wenyewe. Kawaulize wa Tabora."

Mbwana akaondoka, naye Swaumu akalia mpaka kanga ikalowa.

Kesho yake alasiri Mbwana akapiga hodi nyumbani walikopanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu," shangazi akajibu, akimvuta Swaumu aliyetaka kukimbilia ndani.

"Ulinificha," Swaumu akasema, macho chini.

"Nilificha, kweli. Nimepewa darasa langu mwenyewe kule. Lakini nilikwishatuma mshenga kwa baba yako Kondoa. Niliogopa kukwambia twende wote, halafu mzee akatae."

"Na kama angekataa, ungeondoka hivyo hivyo?"

"Ningekwenda Kondoa kumpigia magoti mwenyewe."

Shangazi akakohoa. "Mshenga amerudi leo, akaanzia hapa kwangu. Kaka yangu hana neno. Anangoja kauli ya binti."

Swaumu akazungusha ncha ya kanga kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena.

"Shangazi, mwambie baba nimekubali," akasema. "Ila huyu bado sijamsamehe."

Mbwana akashindwa kuzuia kicheko. "Utanisamehe lini, Swaumu wangu?"

"Tukifika Tabora."